Nyama Harari

Kwa miaka yote ambayo Abdulnasir aliuza nyama mjini Thika, bango la bucha yake lilisema NYAMA HARARI, na hakuna Mwislamu hata mmoja aliyewahi kulalamika. Walijua alichokusudia. Wakikuyu nao hawakuona kosa lolote.

Jumamosi hiyo Kui alikuwa amepanda juu ya kreti ya soda, simu mkononi, akilipiga picha bango hilo kwa mara ya mwisho. Jengo lilikuwa limeuzwa na bucha ilikuwa inahamia mtaa wa nyuma. Pale chini Fahim, kijana wa mwenye bucha, alikuwa akikunjua bango jipya la plastiki lenye ng'ombe anayetabasamu, maskini, hajui anatangaza nini.

Kui hakuwa mtalii wala mwandishi wa habari. Bango lile lilikuwa kazi ya babake, Gachau, aliyetoka nyumbani asubuhi moja Kui akiwa darasa la pili na hakuonekana tena. Hakuacha picha ya maana. Aliacha herufi. Zilikuwa juu ya maduka karibu Thika yote, na ungezijua kwa mambo mawili: R iliyonyoosha mguu hadi chini ya herufi inayofuata, na L ambayo haikuwepo. HOTERI. CHAKURA TAYARI. FUNDI WA SORI.

Kila mwaka zilipungua. Duka linafungwa, linafunguliwa la simu, ukuta unapakwa rangi ya kampuni, na Kui anaumia moyo kana kwamba anazikwa mtu ambaye bado hajafa. Ndiyo maana alipiga picha. Alitaka kumwona babake, basi, hata kama ni kwa kumkaripia.

Abdulnasir alimletea chai na kuanza hadithi zake. Alisema Gachau alikuwa mcheshi, alikuwa na maneno ya kumshawishi mtu aandikiwe bango hata kama hana duka. Alikuwa akija, akipima, akiubeba ubao kwenda nao nyumbani, na kuurudisha umeandikwa. Kuandika mbele ya watu hakutaka kabisa. Alidai macho ya watu yanapinda herufi.

"Na Kiswahili alikuwa nacho kuliko mimi," Abdulnasir alisema. "Alilelewa Mombasa. Akisema halali, ungedhani ametoka madrasa. Sasa mkono wake ulikuwa unamsikiliza nani, mimi sijui."

Kui alicheka. Watu wa sanaa wana mambo yao.

Hapo ndipo Fahim alipoinua kichwa. "Lakini si huyo msee bado yuko? Hiyo R nimeiona wiki iliyopita Mugutha, hapo karibu na Ruiru, kwa duka mpya. Rangi ilikuwa bado haijakauka."

Alimwonyesha kwenye simu. Ukuta mweupe, herufi nyekundu: MAZIWA RARA. Mguu wa R ya kwanza ulikuwa umelala chini ya A, umestarehe. Kui alishuka kwenye kreti.

Alifikiria kumpigia mamake, akaghairi. Waithira alikuwa ameondoka nyumbani kwao, mtaa wa Landless, alfajiri, kama kila Jumamosi, kwenda kwa akina mama wa kanisa huko Ruiru. Na hata angekuwa nyumbani, mazungumzo ya Gachau hakuyapenda. Mara ya mwisho Kui alipomwonyesha picha ya bango, aliitazama muda mrefu, akaguna. "Hiyo R irianguka," alisema. "Siku hiyo kurinyesha." Kisha akarudisha simu. "Watu wa hapa wanajua babako arikuwa fundi, Kui. Wacha ikae hivyo."

Kui alikuwa ameichukua hiyo kuwa ni hasira ya mke aliyeachwa. Aliiheshimu, ila hakuifuata.

Njiani kwenda Mugutha alipanga maneno. Kwanza alipanga kumtukana. Kisha akaona atamuuliza tu alikuwa wapi. Alipofika alikuwa amebaki na swali moja, kama huwa anakula vizuri, na alijiona mjinga kwa kulibeba swali hilo kutoka Thika.

Mwenye duka la maziwa aliitwa Mutiso. Alimwambia fundi hajaenda mbali, yuko nyuma ya hizo nyumba mpya, anamalizia ukuta wa kinyozi.

"Ni mtu wa aina gani?" Kui aliuliza.

"Ni mtu wa makamo hivi. Hana maneno mengi. Anasema kazi hii aliianza kitambo, huko Thika." Mutiso alifikiria kidogo. "Jina sijui. Sisi tunamwita tu Fundi."

Kui alizunguka zile nyumba. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani, na juu yake alisimama mtu aliyevaa ovaroli ya bluu na kofia pana ya jua, amempa mgongo. Alikuwa akiivuta R, taratibu, bila rula. Mkono haukutetemeka. Kui aliutazama mkono ule. Huu ndio mkono aliokuwa akiutafuta juu ya milango ya watu tangu utotoni, na ulikuwa mzima, na ulikuwa kazini.

Maneno yote aliyoyapanga yalimtoroka.

"Baba," alisema.

Brashi ilisimama. Mtu yule aliiweka ndani ya mkebe, akateremka ngazi akishikilia goti, na akavua kofia.

"Babako kazi yake irikuwa kubeba ubao, Kui," mamake alisema.