Taa Nyeupe Kuliko Zote

Mshamu alichagua balbu za zenoni, nyeupe kuliko zote dukani. Taa za gari lake zimefifia, alisema, na hizi zikishindwa ataacha kuendesha.

Nyumbani, mkewe, Somoe, alimshikia balbu kwa upindo wa khanga, maana kioo chake hakiguswi kwa vidole. Mafuta ya ngozi huiunguza.

"Umeishika kama kifaranga, mama watoto."

"Basi ifunge upesi, kabla hakijanitoroka."

Magharibi ilipoingia, Mshamu akaziwasha taa. Ukuta wa jirani ukawa mweupe kama maziwa. Jogoo aliyekwisha kulala akawika bandani.

"Haya, umeridhika?" Somoe aliuliza, amekinga macho kwa kiganja.

Mshamu alikwenda mbele ya gari, akainama, akazitazama taa zenyewe. Hakupepesa macho.

"Muuzaji katudanganya," alisema taratibu. "Ni kama zilezile."

Somoe alishusha kiganja. Alizunguka gari, akaketi kwenye usukani, akavuta kiti mpaka miguu ikafika.

"Baba watoto, njoo unifundishe."

Mshamu aliweka mkono juu ya boneti, akaufuata ubavu wa gari polepole, akiutafuta mlango wa abiria, na jogoo bado anawika.