Mgonjwa Asiyetaka Kuonwa

Daktari Thurlby alichovya kidole kwenye mkojo wa mtu asiyemjua, akakilamba, akafumba macho kama mpishi anayeonja mchuzi.

"Mtamu," alisema. "Asali tupu."

Keziah, mtumishi wake, alisimama mlangoni akifuta mikono. Ndiye aliyeileta chupa. Mgonjwa, alisema, ni mzee wa hapahapa mjini, hataki kutajwa jina.

Halikuwa jambo geni. Pale Louth, mji wa Uingereza, enzi hizo wagonjwa walituma chupa ya mkojo, wao wakabaki vitandani. Daktari aliiinua dirishani, akasoma rangi, akaagiza dawa. Tangu amzike mkewe, Dorcas, Thurlby aliupenda sana mtindo huo. Chupa haikuulizi umeshindaje. Hata kiti cha upande wa pili wa meza hakikukaliwa tena; mtandio wa marehemu ulining'inia mgongoni pake, na ole wake atakayeugusa.

"Amekonda?"

"Suruali yake inashikiliwa na maombi, bwana."

"Anasikia kiu?"

"Ng'ombe wanamwonea wivu."

Daktari alitikisa kichwa kwa huzuni, akajimiminia bia nyepesi, akamaliza kikombe, akajimiminia tena. "Mbona haji mwenyewe?"

"Hawaamini madaktari."

"Kumbe ana akili."

"Ya kuwashauri wengine. Ya kujishauri mwenyewe imemshinda."

Thurlby alicheka, kisha akakumbuka kwamba alikuwa hajacheka siku nyingi, akaacha.

"Sikiliza. Akiendelea hivi, majani mapya ya masika hatayaona. Sukari basi. Mvinyo mtamu basi. Vitindamlo ndiyo kabisa. Anakula na nani?"

"Peke yake."

"Hilo nalo ni ugonjwa. Anayekula peke yake hajui hata kama ameshiba. Akae naye mtu mezani, ana kwa ana, amchunge."

"Mtu gani, bwana? Mkali huyo."

"Yeyote mwenye roho ngumu."

"Na akifoka?"

"Afoke. Mwambie ni amri ya daktari."

Keziah aliichukua chupa, lakini hakuondoka. "Ni amri kweli? Hutageuka kesho?"

"Nimewahi kugeuka mimi?"

"Hapana, bwana. Hilo ndilo ninalolitegemea."

Thurlby alitazama barabara iliyolowa mvua. "Maskini mzee wa watu. Angekubali, ningemtembelea mwenyewe. Tungepiga soga."

"Mtakutana tu," Keziah alisema. "Mji wenyewe mdogo."

Jioni, daktari aliketi mezani. Palikuwa na kondoo wa kuchemsha na kabichi. Bakuli la sukari halikuwepo. Chupa ya mvinyo wa Ureno haikuwepo. Kitindamlo cha zabibu, ambacho hakikukosekana hata siku ya mazishi, hakikuwepo.

"Keziah!"

Keziah aliingia na sahani yake mwenyewe mkononi. Akauondoa mtandio wa Dorcas taratibu, akaukunja vizuri, akauweka juu ya kabati. Akaketi kwenye kile kiti.

"Haya, bwana," alisema. "Foka."