Kidole Gumba cha Rubani

Sheria ilikuwa wazi: chombo kikishapitishwa hakiguswi tena, kikionekana na kasoro, anarekebishwa mtu. Basi helikopta mbili zilipoanguka kwa sababu swichi ya kukata mafuta ilikuwa pale pale rubani anapoegemeza kidole gumba, hakuna aliyeihamisha swichi. Rubani Nyamizi, aliyerusha helikopta ya aina hiyo, alichomwa sindano, na gumba lake la kushoto likakakamaa, lisiweze kubonyeza kitu tena maishani.

Jioni alikaa kumsuka binti yake, Kabula. Nywele zikamponyoka mara tatu.

“Mama, unaniumiza!”

Nyamizi akatupa kitana. “Bisibisi tu ingetosha kuihamisha ile swichi, Maganga!” alimfokea mumewe. “Kazi ya nusu saa!”

“Lakini sasa uko salama, mke wangu.”

Asubuhi aliingia karakana na bisibisi yake, akaifungua ile swichi mbele ya mafundi wote na kuifunga juu, mbali na mkono. Mafundi walitazama chini. Mkaguzi wa usalama alisogea, wala hakupandisha sauti.

“Hasira hizi zimekuanza lini, dada?”

“Tangu mlipoharibu mkono wangu!”

Mkaguzi akatikisa kichwa kwa huruma, akafungua daftari, akamtafutia nafasi ya sindano nyingine Jumatatu.