Siku Mia za Kaizari

Jumamosi asubuhi, mtu tusiyemjua aligonga mlango wa chumba chetu kimoja katika mtaa wa Kenton, ugenini. Alisema ni Mzanzibari, anafanya kazi kiwanda cha mikate, na amesikia kwamba baba anatafuta kazi.

"Mzee wangu, nafasi ipo. Unaanza Jumatatu, na juu ya duka la kiwanda pana vyumba viwili vyenu. Ila hizo ndevu unyoe. Msimamizi hataki nywele kwenye unga."

Mama aliacha kukunja nguo. Tangu tufukuzwe Uganda tulikuwa tukilala humo wanne, na sasa watatu.

Baba aligusa ndevu zake. Punje ya wali ilikuwa imenasa. Akaitoa, akaitazama kwa muda mrefu.

"Siwezi. Zimebaki siku kumi na sita."

"Za nini?"

Nilijibu mimi. Dada yangu Shirin alipolazwa hospitali, alisoma habari za kaizari wa Kimanchu aliyetawazwa akiwa na miaka mitano, akafa akiwa na kumi na minane. Alipokufa, wanaume wa China walikatazwa kunyoa kwa siku mia.

"Na mimi nikifa usinyoe, Baba," Shirin alimwambia akicheka. "Siku mia kamili, usinipunje."

"Haya, kaizari. Sasa kunywa dawa."

Mgeni aliinamisha kichwa. "Mungu amrehemu. Lakini hawatakungoja, mzee."

"Najua," baba alisema.

Akamshukuru kwa kupanda ngazi zote zile, akamfungulia mlango.