Wagonjwa Kumi na Wawili wa Docteur

Safu ya nne ya jedwali ilikuwa tupu toka juu hadi chini, na Docteur alibakiwa na siku mbili za kuijaza.

Alikuwa amepanda pikipiki njia ya Uvira kwenda Bwegera, jedwali lake ndani ya folda ya plastiki, folda ameibana kwapani kama kuku anayetaka kutoroka. Kwenye pikipiki ya pili, muuguzi Noella alimeza vumbi la bosi wake, kazi aliyoizoea kwa miaka mitatu.

Hyacinthe Ngendakumana, docteur wa saikolojia ya tiba, alikuwa ameandika makala ishirini na moja juu ya huzuni. Yeye mwenyewe hakuna aliyepata kumwona na huzuni. Huzuni ilikuwa ya wakulima wa mpunga. Yeye alikuwa na takwimu. Hata mama yake alipofariki, alimzika Bwegera asubuhi, akawashukuru waliofika, na saa tisa alasiri alikuwa ofisini kwake Kimanga, mjini Uvira, akisahihisha tanbihi. Majirani walipotikisa vichwa, aliwaambia kwamba kazi ni dawa. Aliwaambia kwa Kifaransa, ili neno liwe na uzito.

Makala ya ishirini na mbili ndiyo ingemfanya profesa. Wanawake kumi na wawili wa Bwegera, wote wamefiwa, wote wametibiwa kwa mbinu yake mpya, majuma manane. Jarida moja la Ulaya lilikuwa limekwisha kuichapa, na picha yake juu, ameegemeza kidevu mkononi kama mtu anayefikiri. Ndipo msomaji mmoja mkorofi akauliza: hao wagonjwa walifiwa na nani, na lini? Jibu lisipofika Ijumaa, makala inaondolewa, na uprofesa unakwenda na maji.

Safu hiyo ya nne ilikuwa tupu kwa sababu Docteur hakuwahi kuuliza. Mbinu yake ilikataza kutaja marehemu kwa jina. Jina, aliandika, huchokonoa kidonda. Wagonjwa waliamriwa waseme "yule mpendwa", basi.

Kuwapata hakukumpa taabu. Alimtuma katekista Marcellin atangaze kanisani: Hyacinthe anawaita wote wenye uchungu wa kufiwa, Alhamisi saa tatu, kwenye nyumba ya familia yake. Nyumba ilikuwa tupu, tena karibu na barabara. Walikuja kumi na wawili, na hakuna aliyekosa hata Alhamisi moja. Mahudhurio asilimia mia! Hilo alilitia kwenye mstari wa kwanza wa muhtasari, asije mtu akalipita.

Mengine aliyapanga ndani ya makala. Wagonjwa walikataa viti wakakaa mikekani: dalili ya kujidharau. Walileta kuni, maharage na samaki wa ndagala, wakapika uani: dalili ya kumtegemea mtaalamu. Waliongea kwa sauti ya chini, hata waliojulikana sokoni kwa makelele: dalili nyingine, tena nzito. Siku moja Mama Nizigiyimana, mkubwa wao, alisimulia jinsi yule mpendwa alivyokuwa anatazama barabara kila Jumapili, akingoja mtu asiyefika. Wote kumi na wawili wakamgeukia Docteur. Docteur akafurahi, akaandika kwamba mgonjwa hutafuta uso wa mganga wake.

"Docteur," Noella alimwambia walipotoka, "hawa bamama iko kitu banangojea."

"Banangojea sabuni. Weye andika mahudhurio."

Noella akaandika mahudhurio. Mdomo huponza kichwa, naye alikuwa bado anakihitaji chake.

Walipofika Bwegera, wanawake, walioitwa tena na Marcellin, walikuwa wamekwisha kukaa uani kwenye nyumba ile ile. Mmoja wao, Mama Georgette, alimsogezea Docteur nafasi kwenye mkeka. Docteur akashukuru, akabaki wima. Suruali ilikuwa nyeupe, na jambo lenyewe lilikuwa la dakika kumi.

"Bamama, leo minye ninawaruhusu kutaja jina," akasema, akifungua folda. "Kila mutu aseme tu alifiwa na nani, na tarehe. Niko na haraka."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akafunika mdomo kwa kitambaa, na Docteur, kwa mazoea, nusura aandike na hilo.

"Docteur," akasema Mama Nizigiyimana polepole, "hilo jina unatuuliza siye?"

"Sasa nimuulize nani? Weye uliye mkubwa, anza."

Noella alisogea kando. Alikuwa amezaliwa uwanda huu huu, na sasa alikuwa ameanza kuelewa jambo ambalo makala ishirini na mbili hazikumwambia. Alitamani pikipiki ziharibike, mvua inyeshe, chochote. Docteur aligonga kalamu kwenye jedwali mara mbili.

"Basi, andika," akasema mama yule. "Mwezi wa tatu, tarehe kumi na mbili."

Docteur akaandika tarehe, haraka, kwa mwandiko mzuri.

"Jina?"

"Mama Hyacinthe."

Kalamu iliandika *Mama*, ikaandika herufi tatu, ikasimama.

 Noella ndiye aliyeinama, akalichukua jedwali kutoka mkononi mwa Docteur, akauliza kwa sauti ndogo, "Na bengine?"

"Siye bote, andika hilo hilo," akasema Mama Nizigiyimana. "Alhamisi munane tulikaa kilio chake, mwenye kilio anaandika tu."