Kifuniko cha Kasonso

Sheria ilitaka mnyama wa porini asikilizwe kabla hajaliwa. Kifuniko cha sufuria kilitoa sauti za saa za mwisho za mnyama huyo, zilizohifadhiwa kwenye chembe ya kunasia sauti iliyopandikizwa sikioni mwake, ndipo kikafunguka. Watu walishazoea, na dawa yao ilikuwa kelele. Nyumbani kwa Kasonso, mtegaji, mkewe Nyamizi alitwanga mahindi kwa fujo mpaka kifuniko kinyamaze.

Lakini Jumamosi hiyo walikuja wazazi wa kijana aliyemposa binti yao Tungu, na mbele ya wakwe hutwangi.

"Funo huyu nimemchinja asubuhi hii hii," Kasonso alijigamba. "Wala hakuteseka."

Kifuniko kikaanza. Waya wa mtego ulikwaruza mti. Funo alilia kama mtoto mchanga, akanyamaza, akalia tena. Kisha zikasikika hatua za mtu, na mluzi ambao Tungu aliujua tangu utotoni.

"Kaa hapo hapo, mama," ilisema sauti ya Kasonso, kwa upole. "Nikikuchinja leo utaoza. Wageni wanakuja Jumamosi."

Hatua zikaondoka. Kilio kikaendelea, mvua ikakinyeshea, na kifuniko hakikuwa na haraka.

Kilipofunguka, hakuna aliyenyoosha mkono. Tungu alikuwa akitazama mkeka. Mama wa kijana, kwa adabu zake, alichukua kipande kidogo akakimeza bila kutafuna, kama kidonge.

"Karibuni, jamani, msione haya," Kasonso alisema, na sauti iliyomtoka ilikuwa ileile, yenye upole uleule.