Marehemu wa Saa Mbili

Kila asubuhi, saa mbili kamili, Ridwan alikuwa anamuua baba yake, halafu anaenda kunywa chai.

Hakuwa na nia mbaya. Ofisi yao ya Nalufenya, pale Jinja, ilikuwa na app ya matangazo ya vifo. Unaandika jina la marehemu, mtaa na saa ya kuzika, unabonyeza "Tuma", simu za mtaa mzima zinalia. Kazi ya Ridwan ilikuwa kuijaribu, tena siyo kwa kidole chake. Alikuwa ameandika roboti ndani ya kompyuta: inafungua app, inajaza kila kitu, inabonyeza kama mtu, mwanzo hadi mwisho, na tangazo linaishia kwenye simu za majaribio tu. Sasa roboti ilitaka jina la marehemu. Siku ya kwanza, jina la kwanza kufika kwenye vidole vyake lilikuwa Adrisi Khamis wa Nabuyonga, Mbale.

Alimwambia baba mwenyewe kwa simu, kama utani.

"Saa mbili, kila siku?" mzee aliuliza.

"Kila siku, Baba. Hata Jumapili."

"Basi nakufa kila siku, na huji kunizika."

Wakacheka wote wawili. Ridwan alisema atakuja Idi, kazi ikipungua. Idi ikafika, kazi haikupungua. Akatuma simu mpya kwa basi, app ikiwa ndani tayari, ili mzee aone mtoto wake anafanya nini.

Jumatano moja, saa mbili na dakika tano, chai bado inamchoma ulimi, simu yake ikalia.

"Pole sana, ndugu yangu. Afande baba yako ametutoka."

Ikalia ya pili. Ikalia ya saba.

Bosi wake, Mansi, alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Tangazo lilikuwa pale, kwenye app ya watu wote: Adrisi Khamis, Nabuyonga, atazikwa leo saa kumi. Ridwan alisoma mstari wa kwanza tu, akarudisha simu.

"Roboti yako imetoroka," Mansi alisema. "Mimi nitaangalia kompyuta. Wewe nenda kwenu ukaombe watu msamaha. Mambo ya kazi tutaongea ukirudi."

Alimpigia baba akiwa njiani.

"Niko hai," mzee alisema. "Lakini uwanja umejaa watu, wanataka maelezo. Mimi na hizi mashine zenu, nitawaambia nini? Njoo wewe."

Alifika jua likiwa la utosini. Turubai lilikuwa limefungwa, wanawake wanamenya matoke. Wachimba kaburi wawili walikaa pembeni na majembe yao, hawajui waende ama wabaki. Katikati ya viti vya plastiki alikaa Mzee Adrisi, ndani ya kanzu nyeupe iliyopigwa pasi kama ya harusi. Watu walimwita Afande, ingawa kule kwenye kambi ya jeshi silaha yake ilikuwa mwiko wa jikoni.

"Muuaji amefika," alisema shangazi Kadija. "Mimi nimelia kutoka Tororo mpaka hapa. Nani atanirudishia machozi yangu?"

Watu wakacheka kidogo. Hicho kicheko kilimuuma Ridwan kuliko matusi.

Akasimama mbele yao. Alieleza habari ya roboti, akaona hawaelewi, akaacha. "Ni mimi," akasema. "Ni uvivu wangu. Nilichukua jina la baba yangu nikalifanya kitu cha kuchezea." Akapiga magoti pale kwenye vumbi, na suruali yake ya ofisi.

Baba yake hakumtazama. Alikuwa anaangalia makubazi yake mwenyewe.

"Inuka, inuka," mzee alisema haraka. "Yameisha."

"Lakini mashine yako inajua kuandika," Kadija akasema. "'Ameacha mtoto mmoja, ana kazi nyingi Jinja.' Hapo ndipo nilipolia kabisa."

Ridwan hakukumbuka kuandika maneno hayo. Lakini mwenye aibu habishani.

Hakuna aliyeondoka. Matoke yakishamenywa hayarudi sokoni. Wachimba kaburi walikula mara mbili. Wazee waliokuwa wamejiandaa kumsifu marehemu walimsifu akiwa amekaa hapo hapo, naye akawasahihisha walipokosea. Ridwan alizunguka na birika, akiwanawisha wageni mikono, na kwa kila jozi ya mikono aliomba msamaha upya.

Saa kumi na moja watu walianza kupungua. Baba akamwita pembeni ya nyumba, akammiminia chai.

"Utalala, ama unarudi leo?"

Kabla hajajibu, ujumbe wa Mansi ukaingia.

"Roboti yako haina kosa. Leo imekwama ukurasa wa kwanza, haikufika hata kwenye jina. Hili tangazo limeandikwa na mtu, herufi moja moja, dakika arobaini nzima. Uliza huko kwenu namba hii ni ya nani."

Hakuhitaji kuuliza. Ilikuwa namba ya ile simu aliyoituma kwa basi.

"Nitalala, Baba," akasema.